Pumzi ya Kwenye Karatasi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kulisema. Muuza makaa akiniletea gunia, natia mkono mpaka chini nione kama hakujaza majani katikati. Nilifundisha shule ya msingi hapa Likasi miaka mingi, na mwalimu asiyeshuku huchezewa na watoto kama mpira wa makaratasi. Kwa hiyo figo zangu zilipokufa, nikaambiwa nitafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki mpaka mwisho wa siku zangu, sikulia. Niliuliza mashine hiyo imetoka wapi, nani aliitumia kabla yangu, na kwa nini muuguzi anaifuta kwa kitambaa kile kile alichofutia dirisha.

Kiti cha kushoto kwangu kilikuwa cha mama mmoja aliyeuza samaki wakavu sokoni kabla ya kuugua. Mume wake anachimba upande wa Shinkolobwe, mgodi uliofungwa na serikali, mahali ambapo ukiuliza, hakuna mtu anayechimba. Yeye alikuwa wa kanisa la maombi, la kufunga na kupaza sauti; mimi ni Mkatoliki wa kuimba polepole huku natazama saa. Tusingejuana kamwe kama damu zetu zisingepita kwenye mashine mbili zilizopakana. Aliniita metresi, kama watoto wa shule wanavyomwita mwalimu wa kike huku kwetu, na alinicheka tangu siku ya kwanza.

“Metresi, unaangalia ile mashine sawa unaangalia mwizi.”

“Inachukua damu yangu. Mwizi anafanyaka nini ingine?”

Alicheka hadi akaukunja mkono wenye sindano, na mashine yake ikaanza kupiga kelele. Muuguzi alikuja mbio, akatukaripia sote wawili. Hivyo ndivyo tulivyokuwa marafiki.

Kiangazi kilipoanza, akaja bwana mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, chaki mfukoni na daftari kwapani. Tukaambiwa ni kine, yaani yule mtaalamu wa misuli anayewafundisha waliovunjika miguu kutembea tena. Nikawatazama wenzangu mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyevunjika mguu, na hapo hapo nikajua kuna jambo.

Alipiga mstari wa chaki mbele ya mlango wetu, akaenda mpaka mwisho wa korido, akakata kona ya stoo, akapiga mstari wa pili huko nyuma. Akasema kila mmoja wetu, kabla ya kufungwa kwenye mashine, atatembea kati ya mistari hiyo miwili kwa dakika sita, naye atahesabu. Kisha akatoa kifaa cha plastiki chenye vyumba vitatu, na ndani ya kila chumba kigololi cha rangi. Unaweka mdomo kwenye bomba, unavuta hewa kwa nguvu, na vigololi vinapanda. Mwenye pumzi anapandisha vitatu. Asiye nayo anapandisha kimoja, au anabaki anavitazama.

“Figo ikikufa, misuli nayo inachoka,” alisema. “Si ya miguu tu. Kuko musuli mumoja huku chini ya mapafu, ile njo inavutaka hewa. Ikilegea, muntu anahema hata kama mashine imeshamutosha mayi yote mu mwili. Donc, basi, nataka kujua nani iko na nguvu na nani hana.”

Nani ana nguvu na nani hana. Wenzangu walisikia maneno ya mtu wa hospitali. Mimi nilisikia maneno niliyoyajua tangu utoto.

Baba yangu alifanya kazi kwenye kampuni moja ndogo ya kuvunja mawe, siyo ile kubwa ya shaba, na tulikaa kwenye nyumba ya kazi, kambini kule Panda, vyumba viwili na jiko la nje. Kila mwaka wafanyakazi walipimwa pumzi. Mtu alipuliza kwenye bomba, kalamu ikachora kilima kwenye karatasi, na kilima kikiwa kifupi daktari aliandika neno moja la Kifaransa, inapte, hafai tena. Aliyeandikiwa neno hilo alipelekwa kwanza kufagia, kisha akarudishwa nyumbani, kisha nyumba yenyewe ikatakiwa. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya siku ile wanaume walijitengeneza. Baba aliacha sigara, akanywa tangawizi ya moto, akatulalia miguuni kifudifudi ili sisi watoto tumpige mgongo mpaka makohozi yatoke.

Na kulikuwa na hila. Kuna ya kukaza mashavu, kuna ya kuinama kidogo mwishoni, kuna ya kumsimulia daktari habari ya mpira ili asikaze macho kwenye kalamu. Wazee wa kazi waliwafundisha vijana hila hizo pamoja na namna ya kushika nyundo. Hakuna aliyeziita uongo. Pale kambini kumnyima mwenzako hila ya pumzi kulikuwa kubaya kuliko kumnyima chumvi, na aliyeijua akanyamaza aliitwa muuaji.

Nilipokuwa darasa la tano, hila zilimwishia baba. Lori lilikuja Jumatatu asubuhi. Nilibeba sufuria kichwani mbele ya watoto niliosoma nao, na baba alikaa juu ya godoro ndani ya lori, akihema, bila kutazama mtu. Mpaka leo nikipita Panda nageuza shingo upande mwingine. Nina hasira, na sidhani kama itaisha.

Sasa mwambie mtu wa namna hiyo kwamba bwana mwenye daftari amekuja kumpima pumzi kwa faida yake.

Wa kwanza kutembea, na wa pekee siku ile, alikuwa mzee mmoja mkulima kutoka Kapolowe. Alikwenda mara tatu, akakaa chini sakafuni, akaomba maji ambayo hakuruhusiwa kunywa. Vigololi vyake havikuinuka hata kidogo. Kine aliandika, akaandika, akafungua ukurasa mwingine. Wiki iliyofuata kiti cha mzee kilikuwa na mtu mwingine.

Nilimuuliza muuguzi mzee yuko wapi.

“Alihama. Alienda kwa mutoto yake,” akajibu huku anahesabu sindano.

Mle ndani mashine zilikuwa sita tu, na benchi la nje halikukosa watu wanaongojea nafasi. Nilijumlisha moja na moja. Nikamgeukia jirani yangu, nikamwambia kwa sauti ya chini.

“Banatuchagula. Mwenye hana pumzi, banamutosha mu kiti, banapatia mwingine.”

“Metresi, labda alihama kweli.”

“Ulimuona anahama?”

“Apana.”

“Basi.”

Alikuwa na kawaida ya kuomba kwa midomo bila sauti, na nikaiona midomo ikicheza. Kisha akaniuliza tutafanya nini, na mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa kuangaliziana, nikamfundisha kudanganya.

Haikuwa kazi. Kine alisimama mbele ya mlango wetu na simu mkononi kama saa, na hakuweza kuona nyuma ya kona ya stoo. Kwa hiyo hakuna aliyelazimika kufika kwenye mstari wa pili. Unakata kona, unasimama, unaegemea ukuta, unavuta pumzi mbili tatu, unarudi umenyoosha shingo. Yeye anahesabu safari nzima. Vigololi navyo nilivichunguza vizuri: kifaa kikisimama wima ni vizito, kikilala kidogo vinapanda kwa kuvutwa kidogo tu. Viti vyetu vinaegemea nyuma. Ukikiegemeza kiti bila kelele na kifaa ukikishika sawa na kifua chako, kwa mtu aliyesimama miguuni kinaonekana kimenyooka. Kine alikuwa anaandika huku ameinama. Miwani ile ya uzi ilinisaidia sana.

Niliwafundisha pia wanaume wawili waliokaa upande wa dirisha, maana ningewanyima kwa sababu gani? Wale wengine walikuwa wageni kwangu, sikuwaamini.

Siku ya kupimwa jirani yangu alitoka nyuma ya kona akitembea kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Alipandisha vigololi vitatu, akavishikilia juu, akanikonyeza. Kine alimpigia makofi. Mimi nilipandisha vitatu vilevile. Jioni karatasi ilibandikwa mlangoni, na majina yetu sisi wanne yalikuwa upande wa wenye nguvu. Nilifurahi. Nilimwaza baba, nikasema moyoni, tumewashinda.

Wiki ya pili mambo yalianza kwenda kombo. Wale waliokuwa upande wa wanyonge hawakutolewa. Kine aliwaletea kila mmoja kifaa kidogo chenye springi ndani, mfano wa filimbi isiyolia. Wakati damu inazunguka, saa za mwanzo, aliwakalisha wima wavute hewa humo mara thelathini, wapumzike, wavute tena. Kisha akawawekea pedeli za baiskeli chini ya miguu, wakae wanakanyaga kama watu wanaokwenda Kambove bila kuondoka. Sisi wenye nguvu tulilala tukatazama dari.

“Anabajaribia,” nilimwambia jirani yangu. “Kama panya.”

“Mbona shiye hatujaribii?”

“Juu shiye hatukumupatia njia.”

Miongoni mwa wale alikuwepo mama mmoja mnene aliyeletwa kila mara juu ya baiskeli mpaka mlangoni, mwanawe akisukuma. Baada ya majuma kadhaa nilimwona anaingia kwa miguu kutoka getini, na mwanawe nyuma amebeba kikapu. Alisimama mlangoni akatusalimu sote bila kukata sentensi. Nilifikiri wamempa dawa fulani ya kuficha. Niliangalia hata mikono yake kama kuna alama mpya ya sindano.

Kwetu sisi ilikuwa kinyume. Kanisani nilishindwa kumaliza wimbo wa Utukufu. Nilifika katikati nikakaa, nikajifanya natafuta rozari chini ya benchi. Nyumbani nilikuwa siwezi tena kupuliza makaa ya mbabula, jiko langu la makaa, nikayapepea kwa kifuniko. Nilijiambia ni maji, nimekunywa kikombe cha ziada. Lakini hata nilipotoka kwenye mashine nimekauka kama bitoyo, wale samaki wa chumvi, bado ngazi tatu za mlango wa nyumba yangu zilinisimamisha.

Jirani yangu alikuwa na hali hiyo hiyo, ila yeye hakujidanganya. Alhamisi moja alinigeukia, na hakuwa anacheka.

“Metresi, minye nachoka. Kuoga tu, nakaa chini mara mbili. Nataka kumuambia kine ukweli, anipatie ile filimbi yake.”

Nililikumbuka lori. Nakumbuka hata harufu ya godoro lile.

“Ukimuambia, atajua kama shiye bote tulidanganya. Atatutosha bote bane. Unataka kutuua?”

Neno lile la kuua nililisema mimi, kwa mdomo wangu, kwa hasira. Alinitazama, akasema, “Apana, metresi,” jinsi anavyosema mtoto aliyeonewa na mwalimu, kisha akageuza uso upande wa pili. Midomo yake ilianza kucheza.

Labda siku tatu au nne baadaye niliamua kumbana kine. Nilimuuliza mbele ya watu yule mzee wa Kapolowe alimfanya nini. Alishangaa. Akatoa simu, akatafuta namba, akanipa. Sauti ya mzee ikasikika, na nyuma yake kelele za magari ya Lubumbashi. Akaniambia anakaa kwa mwanawe wa kwanza, mashine iko karibu, na wamempa mazoezi. Siku hizi sauti ya mtu inaweza kutengenezwa, hata hilo nililifikiria. Ndipo mzee akaniuliza, “Mama, bado unafichaka kalanga mu sakoshi?” Karanga tulikatazwa, na ni yeye peke yake aliyewahi kunifuma nazo mkobani. Alikuwa yeye.

Niliishusha simu sikioni. Kuanzia saa ile nilijua kwamba hakuna kiti kilichoporwa, kwamba daftari lile lilikuwa la kusaidia watu, na kwamba mimi nilikuwa nimeuweka upande wa wenye nguvu mwili usio na nguvu wa mwanamke asiye na kosa. Ningeweza kusema pale pale. Kine alikuwa amesimama mbele yangu, ananyoosha mkono apokee simu yake. Nilisema, “Aksanti.” Niliona aibu. Mwalimu mzima, mwenye mvi, aanze kueleza jinsi alivyokata kona ya stoo? Nikajiambia nitasema wiki ijayo, nikishapata maneno. Wiki ijayo ilikuja, na ile ya pili yake, na maneno niliyokuwa nayo yalikuwa ya kumlaumu muuguzi kwa mto mchafu.

Julai baridi ilishuka, ile ya asubuhi inayofanya watu wa Likasi wavae makoti juu ya makoti. Jirani yangu alipata kikohozi. Mara ya kwanza alikuja nacho, mara ya pili kiti chake kilikuwa kitupu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikushuku kitu. Niliuliza, nikaambiwa amelazwa wadi ya wanawake, nikangoja wanifungue kwenye mashine, nikaenda.

Alikuwa ameegemezwa mito mitatu. Shida haikuwa kikohozi, ilikuwa kwamba hawezi kukohoa. Makohozi yalikuwa yanachemka kifuani, naye anajaribu kuyasukuma, na kinachotoka ni sauti ndogo ya mtu anayesafisha koo mbele ya wageni. Alijaribu, akapumzika, akajaribu. Wifi yake, dada mkubwa wa mume, mwanamke mwembamba wa kimya, alikuwa pembeni na bakuli la mboga za lengalenga zilizochemshwa mara mbili na kumwagwa maji, bila chembe ya chumvi, kama hospitali ilivyoagiza. Alikuwa akimlisha kijiko kimoja kimoja.

Kine alikuwepo, na daftari lake limefunguliwa juu ya kitanda.

“Sielewi,” aliniambia. “Huyu njo alikuwa wa kwanza mu bantu ya nguvu. Mwenye pumzi ya hivi anakohoaka vizuri. Docteur anatafuta kitu ingine mu mapafu, juu ya ile nilimuandikia.”

Nilimvuta mkono mpaka nje, nikamweleza yote: kona, kiti, vigololi, wanaume wawili wa dirishani, mimi mwenyewe. Nilimweleza na habari ya baba. Alivua miwani akaishika kwa mikono miwili. Nilitarajia anitukane, na ningependa anitukane.

“Mama,” akasema, “daftari yangu, minye nilikuwa naiamini.”

Kisha akaingia ndani karibu kukimbia. Walimlaza jirani yangu ubavu, kine akampiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa, akamshika chini ya mbavu kila alipokohoa na kumsukuma ili apate nguvu asiyokuwa nayo. Alifanya hivyo asubuhi na jioni siku tatu. Siku ya pili jirani yangu alifungua macho, akaniona, akajaribu kusema jambo. Nilisikia “metresi” na baada yake hewa tu. Siku ya nne alikufa, saa nne za asubuhi, mimi nikiwa kwenye mashine, mita chache kutoka kwake, siwezi kuinuka.

Nilimuuliza kine kama yale mazoezi yangemwokoa.

“Sijui. Pengine ingemusaidia kukohoa. Pengine apana. Siwezi kukudanganya, mama.”

Nilimwamini, na hilo lilikuwa zito kuliko kumshuku.

Kilio kilifanyika nyumbani kwao, ua mdogo uliofunikwa turubai, wanawake kwenye mikeka, wanaume nje kwenye viti vya kukodi. Wachimbaji wenzake na mume walikuwa wamekuja na viatu vyao vya matope. Nilikaa karibu na ukuta. Nyimbo zao ni za nguvu, na kila mwanamke aliyefungua kinywa nilimsikia akivuta hewa kwanza. Binti wa marehemu, aliyeolewa Kolwezi na kufika usiku wa kuamkia siku ile, alikuja na sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe la majani ya muhogo, akapiga magoti mbele yangu.

“Weye njo metresi,” akasema. “Mama alikuwa anatuambia kila siku mu telefone. Eti metresi alinifundisha kuvuta pumzi, leo nilipata tatu, kine alinipigia makofi. Aksanti, mama. Ulimupatia furaha.”

Nilishika sahani, nikainamisha uso. Alifikiri ni machozi tu, akakaa karibu nami. Akashusha sauti.

“Banasema pumzi yake ilikuliwa na muchawi. Muntu mwenye nguvu vile, juu ya nini afe na kikohozi? Balisha kumuona mwenye kufanya.”

Alinyanyua kidevu kidogo kuelekea jikoni. Yule wifi mwembamba alikuwa amekaa peke yake juu ya ndoo iliyofunikwa, mgongo kwa watu. Hakuna aliyekuwa ameketi ndani ya hatua tano kutoka kwake, na hakuwa na sahani.

“Alikuwa anamupikia bila chumvi,” binti akasema. “Miezi yote ile. Nani anapikiaka mugonjwa bila chumvi? Kesho ba familia banakaa, banamufukuza.”

Nawajua watu wa kushuku. Mimi ni mmoja wao, naijua ladha yake, jinsi inavyotuliza moyo ukishapata wa kumtazama. Ningenyamaza, hakuna hata mmoja pale ambaye angegeuza macho kwangu. Ningekula bukari yangu, ningeshukuriwa mlangoni, na mwanamke yule angebeba sufuria zake kichwani mbele ya majirani.

Niliweka sahani chini. Nilimwambia binti kwamba chumvi ilikatazwa na hospitali, na kwamba mimi mwenyewe nakula bila chumvi. Kisha nikamwambia kwamba sikumfundisha mama yake kuvuta pumzi. Nilimfundisha kuonekana anayo. Nilimweleza kona ya stoo na kiti kilichoegemea. Nilimweleza kwamba alitaka kusema ukweli nikamkataza, na kwamba nilipojua sina sababu ya kumkataza niliona haya, nikanyamaza. Sikusema habari ya baba. Hapo isingekuwa maelezo, ingekuwa kujitetea.

Hakulia. Alikuwa na macho ya mama yake, lakini bila kicheko. Wanawake waliokuwa karibu waliacha kuimba, mmoja baada ya mwingine, na yule wifi aligeuza kichwa.

“Ulifundisha na bengine?” binti akaniuliza.

“Ndiyo. Babili.”

“Biko bazima?”

“Biko. Kine anajua, nilimutajia. Lakini bao habajajua kama nilibataja.”

“Biko kwa mashine siku gani?”

“Kesho.”

Alinyanyuka. Aliichukua sahani iliyokuwa mbele yangu, haijaguswa, akavuka ua wote mbele ya watu, akapiga magoti pale kwenye ndoo, akamkabidhi shangazi yake kwa mikono miwili.

Kisha akarudi mpaka pale nilipokuwa, akabaki amesimama.

“Enda kwako,” akasema. “Lala. Kesho ufike kabla yabo, ubaambie weye mwenyewe.”

Niliondoka bila kusindikizwa. Mpaka kona ya mtaa nilisimama mara nne, na hapakuwa na ukuta wa kunificha.